SEHEMU YA SITA: Vifuko vya seli, kutoka damu ya kondoo hadi kwenye vichupa vya matangazo

Sehemu iliyopita tulimaliza seli shina: zile seli changa za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Baada ya hapo wengi mkaniuliza neno jingine linalozunguka kwenye simu zenu, "eksosomu". Matangazo yanasema ni dawa iliyowaponya farasi na mbwa wa matajiri Ulaya, sasa imefika kwa binadamu. Leo tufuate historia yake. Ni ndefu kidogo, na katikati inapita hapa hapa kwetu Shinyanga, kwa hiyo msikimbie.

Tuanze na kondoo. Unakumbuka vile vidonge vya madini chuma unavyopewa kliniki ukiwa mjamzito? Chuma kile kinaenda kutengeneza himoglobini ndani ya chembe changa nyekundu za damu. Chembe changa ina kama milango midogo ya kukipokea. Ikishakomaa, milango haina kazi tena, inapotea. Inaenda wapi? Swali hilo alilishika mama mmoja mwanasayansi, Rose Johnstone, wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada. Yeye na mwenzake Bin-Tao Pan walichukua damu ya kondoo, wakafuatilia, na mwaka 1983 wakatoa jibu: chembe inafungasha milango yake kwenye vifuko vidogo sana, halafu inavitema nje. Mwaka huo huo kundi la St. Louis, Marekani, likaona jambo kama hilo kwenye damu ya panya. Vifuko hivyo ni vidogo kiasi kwamba ukivipanga mstari, vinaingia kama 70 kwenye upana wa chembe moja nyekundu. Mwaka 1987 vikapewa jina la eksosomu.

Kwa miaka mingi wengi waliviona kama takataka tu, seli inafagia nyumba. Mwaka 1996 watafiti wakaonyesha kuwa vifuko vya seli za kinga vinaweza kuamsha seli nyingine za kinga. Mwaka 2007 ikaonekana vinabeba hata maandishi ya urithi, yaani ujumbe unaoiambia seli jirani itengeneze nini. Kumbe seli zinatumiana vifurushi!

Hapo ndipo seli shina zinaingia. Madaktari walikuwa wakiwachoma wanyama seli shina wakitegemea zitageuka kuwa nyama mpya ya moyo au gegedu jipya la goti. Lakini seli nyingi zilikuwa zinakufa mapema, na mnyama bado anapata nafuu. Nafuu inatoka wapi? Timu ya Sai Kiang Lim, Singapore, na wenzao wa Uholanzi wakajaribu kwa nguruwe walioumia moyo: hawakuwapa seli, waliwapa maji ambamo seli zilikuzwa. Kidonda cha moyo kikawa kidogo. Mwaka 2010 wakavitenga vifuko vyenyewe kutoka kwenye maji hayo, wakavitumia kwa panya, na vikasaidia.

Madaktari wa mifugo walikuwa mbele kidogo. Farasi wa mashindano akichechemea ni hasara kubwa, mwenye farasi yuko tayari kujaribu. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa za seli shina kwa farasi wanaochechemea, na mwaka 2022 ikafuata ya mbwa wenye maumivu ya viungo. Lakini soma vizuri hapo: zilizoidhinishwa ni SELI zenyewe. Vifuko, kwa farasi, mbwa na hata ng'ombe, bado viko kwenye majaribio. Tangazo linaruka hatua hiyo kama vile haipo.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tuna sababu yetu ya kuviogopa vifuko kabla ya kuvipenda.

Babu na bibi zetu wa Usukuma waliishi na mbung'o. Ng'ombe akiumwa na mbung'o anapata nagana: anakonda, manyoya yanasimama, damu inaisha mpaka anaanguka. Mtu akiumwa anaweza kupata malale. Mwaka 1922 malale yalilipuka Maswa, jirani zetu hapa. Mtaalamu Mwingereza, Charles Swynnerton, akaanzisha Shinyanga majaribio ya kupambana na mbung'o, na Old Shinyanga ikawa makao ya utafiti uliojulikana dunia nzima. Dawa ya maana ya mifugo haikuwepo. Silaha ilikuwa shoka na moto. Mbung'o anahitaji kivuli, basi watu walikusanywa kufyeka pori, maelfu ya mikono, siku baada ya siku. Vitabu vinamtaja Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Waliokata miti hawatajwi kwa majina, na kwangu mimi hao ndio waliofanya kazi. Baadaye, kuanzia 1947, mpango wa maendeleo wa Usukuma ukafungua mapori ya Geita, na familia nyingi zikahamia huko na ng'ombe wao. Ukiuliza kwa nini ukoo wako una watu Geita, huenda jibu ni mbung'o. (Gharama ya kufyeka tuliilipa pia: sehemu za Shinyanga zilibaki kama jangwa mpaka HASHI ilipoanza mwaka 1986 na ngitili zikarudi.)

Kwa nini nimewapeleka huko? Kwa sababu mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walimchunguza kijidudu kile kile cha malale ya Afrika Mashariki, wakakuta naye anatema vifuko. Vifuko vyake vinagandamana na chembe nyekundu za damu, mwili unazifuta, upungufu wa damu unakuja. Tena vinaweza kumpa kijidudu mwenzake silaha ya kukwepa kinga ya damu ya binadamu. Yaani kifuko si dawa wala sumu, ni kifurushi. Kinachoponya au kuumiza ni kilichofungwa ndani, na nani amekifunga.

Ndiyo maana neno "eksosomu" kwenye kichupa halitoshi. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za eksosomu ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Huko ni Marekani, kwenye maabara kila kona.

Nasema haya kwa sauti kwa sababu najua wanaolengwa ni nani: wazazi wenye watoto wa selimundu, na Kanda ya Ziwa tunao wengi. Mwezi ambao dhahabu imetoka vizuri au mnada wa ng'ombe umekwenda vizuri, ndipo ujumbe unaingia: "vichupa vitatu, mtoto anapona kabisa". Mama, kuna matibabu ya kweli ya selimundu yanayotumia seli shina, ni kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana na mtoto, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inafanya. Hayaji kwenye kichupa wala hayatumwi kwa basi. Kwa watoto wengi matibabu ni kliniki, asidi ya foliki, chanjo, na haidroksiyurea daktari akiona inafaa. Bugando wana kliniki ya selimundu.

Mtu akikuletea kichupa, iwe cha mtoto au cha ndama, muulize namba ya usajili wa TMDA. Wao wanasajili dawa za watu na za mifugo pia. Akianza kukueleza habari za farasi wa Ulaya, mwambie ng'ombe hauzwi leo.