Mutwanga, Mlango wa Magharibi wa Ruwenzori

Ukitoka mjini Beni kwa barabara ya Kasindi, unavuka mto Semliki ndani ya Hifadhi ya Virunga, na upande wa mashariki nchi inainuka ghafla hadi mawinguni. Chini ya mwinuko huo ndipo ilipo Mutwanga, makao makuu ya sekta ya Ruwenzori. Toka mashamba yake ya kakao mpaka Margherita, kilele cha juu cha Ruwenzori chenye mita 5,109, ni kilomita kama 15 kwa ndege arukaye, lakini ardhi inapanda mita zinazokaribia 4,000. Ruwenzori ni mlima wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hata hivyo wageni wengi huujua kwa upande wa Uganda tu, na vijana wengi wa Butembo na Beni huuona kwa mbali asubuhi mawingu yakifunguka, bila kujua ni mambo gani yaliyopita katika miteremko yake.

Historia ya Ruwenzori inafuata mwinuko wake. Mambo ya kale kuliko yote yako bondeni, na kadiri unavyopanda ndivyo, kwa sehemu kubwa, miaka inavyotusogelea.

Tuanzie Ishango basi, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, mita 900 na kitu juu ya bahari. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo wenye chale nyingi zilizopangwa katika safu tatu. Umri wake unakisiwa kuwa miaka 20,000 hivi. Ukijumlisha chale za safu mbili, kila moja inatoa 60, na ya tatu inatoa 48. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wataalamu wangali wanabishana: wapo wanaosema ni hesabu, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Karibu na Ishango, pale Katanda, kando ya Semliki hiyohiyo, Alison Brooks na John Yellen walichimbua chusa za mfupa zilizochongwa kwa ufundi mkubwa, zilizotumika kuvua kambare. Mwaka 1995 walitangaza kwamba zina miaka ipatayo 90,000. Wavuvi wa Ziwa Edward wa leo wanaendeleza kazi iliyofanywa kwenye maji hayo tangu zama hizo.

Kutoka Ishango, Semliki inashuka kaskazini kupitia nyika ya viboko na tembo, kisha inaingia msitu mzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji walikuwa na boma lao hapo, likiitwa Mbeni. Mwaka 1900 alifika Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uingereza nchini Uganda, akiwarudisha makwao Wambuti, watu wa msituni, ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewateka ili awaonyeshe Ulaya. Wambuti hao walimsimulia habari za mnyama wa msituni mwenye miguu ya milia, na askari wa boma walimpa vipande vya ngozi yake. Mwaka uliofuata ofisa Mswidi, Karl Eriksson, alimpelekea ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili, na wanasayansi wa London wakamwandika okapi katika vitabu vyao kwa jina la Johnston. Wambuti walikuwa wakimjua, wakimwinda na kumla tangu enzi. Elimu ilikuwa yao, ila jina lililoandikwa likawa la mgeni.

Jambo hilohilo lilitokea mlimani. Henry Morton Stanley aliiona theluji kwa mbali mwezi Mei 1888. Mwaka uliofuata msafara wake ulipita chini ya mlima upande huu wa magharibi, na mwezi Juni William Stairs alipanda akafika mita zaidi kidogo ya 3,200 kabla ya kurudi nyuma. Hakupanda peke yake. Wapagazi wa msafara huo walikuwa Wazanzibari, waliokuwa wamevuka Kongo nzima kutoka mlango wa mto kwenye Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye miteremko ya Ruwenzori kabla Mutwanga haijawa na ofisi wala mnara wa kanisa. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde la mto Butawu akapanda mpaka mita 4,000 hivi, akiandika mimea ya kila ukanda alioupita. Bonde hilo ndilo wapandaji wa upande wa Kongo walilolifuata baadaye.

Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya aina yake Afrika, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Baadaye ilipanuliwa ikachukua miteremko hii, na kituo cha Mutsora, hapohapo Mutwanga, kikawa makao ya walinzi wa upande wa kaskazini. Njia ya mlimani inaanzia hapo. Kwanza unapita katikati ya mashamba: kahawa, ndizi, muhogo, maharage. Kisha mipaka ya hifadhi inakata mashamba ghafla. Mipaka hiyo ilichorwa bila kuwauliza wenyeji, na ugomvi wa ardhi uliozaliwa siku zile haujaisha mpaka leo. Siku ya kwanza inaishia kwenye kibanda cha Kalonge, mita 2,100 na ushei. Siku ya pili unapenya msitu wa mianzi, halafu miti iliyofunikwa na kuvumwani mzito unaotiririka maji, mpaka Mahangu kwenye mita 3,300. Siku ya tatu unafika Kiondo, mita zipatazo 4,200, mahali pa lobelia na senesio ndefu kumpita mtu. Kutoka kilele cha Wusuwameso kilicho karibu, mawingu yakikubali, unaona barafu ya Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, ana kwa ana, na maziwa yameketi mabondeni: Ziwa la Kijani, Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijivu. Juu zaidi kuna kibanda cha mwisho, chini ya barafu yenyewe.

Kilele cha Margherita kiliguswa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1906 na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliyepitia Uganda na kukiita kwa jina la Malkia Margherita wa Italia. Miaka minne baadaye Waingereza na Wabelgiji walipatana mpaka upite juu yake, wakawagawa Wanande wa huku na ndugu zao Wakonzo wa kule, ambao husema theluji ni makao ya mungu wao Kitasamba. Mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Wabelgiji, chini ya Xavier de Grunne, ulivipanda vilele kutoka upande wetu. Majina ya wakubwa yamo vitabuni. Vijana wa Kinande waliobeba kuni, unga na mahema mpaka kwenye theluji, miguu ikizama topeni, wachache sana walitajwa.

Barafu waliyoiona inakwisha. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Maji ya mlima lakini bado ni mengi, kwa kuwa mengi hutoka kwenye mvua na majimaji ya ukanda wa juu, na yote huishia Semliki na hatimaye Nile. Ndiyo yanayowalisha watu wa Mutwanga kwa namna mpya: mwaka 2013 Virunga ilifungua hapo mtambo wake wa kwanza wa umeme wa maji, kikafuata kiwanda cha sabuni na, baadaye, cha chokoleti inayotokana na kakao ya wakulima wa hapo. Mkulima aliyezoea kuuza mbegu kavu kwa bei ya mlanguzi sasa anaona kazi ya thamani ikifanyika kijijini kwake.

Yote hayo yameendelea chini ya kivuli cha vita. Waasi wa ADF, kundi lililotoka Uganda, walijificha katika milima hii tangu miaka ya 1990, na tangu mwisho wa 2020 wameua watu katika vijiji vya sekta ya Ruwenzori, wakachoma nyumba, wakawakimbiza wakulima wakati wa kuvuna kakao. Kati ya 2018 na 2020 Ebola nayo iliisumbua Beni na Butembo. Njia ya Kalonge ilifunguliwa ikafungwa tena, na yeyote anayetaka kupanda hana budi kuuliza kwanza kwa walinzi wa hifadhi Mutsora.

Lakini kazi fulani haingojei amani. Shule za Butembo na Beni zinaweza kufundisha mfupa wa Ishango kabla ya piramidi za Misri. Wanafunzi wa historia wanaweza kuwafuata wazee wa Mutwanga waliokuwa wapagazi na waongozaji, waandike majina yao, njia zao, mahali walipolala na walichokula. Siku vibanda vya mlimani vitakapokarabatiwa, ada ya kila mpandaji ipitie mikononi mwa kijiji kilichoutunza mlango wa mlima huo muda wote. Mara nyingi wageni walikuja wakaandika, wenyeji wakabeba. Zamu ya kuandika sasa ni ya wenyeji.