Mlango
(nomino, ngeli ya U-I, wingi: milango)

Maana ya msingi ni nafasi iliyoachwa ukutani ili watu waingie na kutoka. Ubao unaoifunga nafasi hiyo nao huitwa mlango, lakini hiyo ni maana ya pili. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kuta nyingi za mawe ya matumbawe zimebaki na nafasi tupu, mbao zikiwa zimetoweka zamani. Nafasi hizo bado ni milango. Kwa sababu hiyo neno hukubali hata visivyo na ubao: mlango wa kizazi, milango mitano ya fahamu, Mlango wa Msumbiji ulio kusini mwa pwani ya Lindi. Hutumika pia kwa tawi la ukoo na, katika vitabu vya zamani, kwa sura.

Visawe: lango ni kubwa zaidi, la ua, mji au ngome (pia la uwanja wa mpira), kilango ni kidogo, geti ni mkopo uliokwisha kuzoeleka. Kiingilio si kisawe, ingawa wafasiri hukosea hapa mara kwa mara: ni fedha anayotoa mgeni ili aruhusiwe kuingia. Kibao cha “Kiingilio” kikitundikwa juu ya mlango, msomaji atatafuta mkoba.