Mabinti Waliokabidhiwa Meno ya Watoto wa New Zealand

Vita Kuu ya Kwanza iliiumbua New Zealand kwa jambo ambalo halikutarajiwa. Vijana walijitokeza kwa wingi kujiunga na jeshi, lakini walipofunguliwa vinywa, wengi walikuwa na meno mabovu kiasi cha kukataliwa. Jeshi likalazimika kuunda kikosi chake cha madaktari wa meno. Aliyekiongoza, Thomas Hunter, aliona kwa macho yake maumivu ambayo yangeweza kuzuilika zamani, utotoni, kwa kuziba tundu dogo tu.

Siku hizo daktari wa meno alikuwa wa wenye nazo. Kwa familia ya kawaida, jino likiuma linang'olewa, yamekwisha. Wapo mabinti waliong'olewa meno yote kabla ya harusi, hata yaliyokuwa mazima, wakawekewa ya bandia, ili mume asije akabebeshwa gharama baadaye. Kila nikilifikiria hilo naumia: binti anaingia kwenye ndoa na kinywa kilichovuliwa meno kwa kuogopa bili.

Mwaka 1920 Hunter alikabidhiwa idara mpya ya meno katika Wizara ya Afya. Hesabu yake ilikuwa wazi. Madaktari hawatoshi, na hata wangetosha, hazina isingemudu kuwalipa waende kila shule. Basi wafundishwe mabinti kwa miaka 2 kazi chache, wazijue barabara: kuziba, kung'oa meno ya utoto, kusafisha, na kumfundisha mtoto kupiga mswaki. Wasimamiwe na daktari, walipwe na serikali. Baadhi ya madaktari wenzake walipinga, lakini Aprili 1921 mafunzo yakaanza Wellington, na mwaka 1923 wauguzi 29 wa meno wa shule wakahitimu. Duniani hapakuwa na mpango mwingine kama huo.

Kliniki ilikuwa kijumba katika uwanja wa shule, na mara nyingi wazazi walichangishana ili kiwepo. Kekee ya kusagia jino ilizungushwa kwa mguu kama cherehani. Muuguzi anakanyaga, chuma kinazunguka polepole, na mtoto anausikia mtetemo hadi kwenye fuvu. Kuziba jino kwa kawaida kulifanywa bila ganzi. Si ajabu watoto wakaibandika kliniki jina la "nyumba ya mauaji", jina lililodumu vizazi kadhaa. Lakini muuguzi huyohuyo, kazi ikiisha, alikuwa akichukua vipande vya pamba vya kukaushia mate, akavifunga na kuvichora vikawa nyuki, akampa mtoto aende nao nyumbani.

Mimi nawatetea wale mabinti. Vifaa vilikuwa duni, nao walilipwa kidogo. Mwaka 1974 waliandamana hadi Bungeni kudai mishahara. Hata hivyo, mtoto wa mfanyakazi wa shamba alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia mtoto wa mwenye shamba. Nchi nyingine zikaiga: Malaya ilifungua chuo chake Penang mwaka 1949. Na Mtanzania aliyewahi kuzibwa jino na tabibu wa meno, asiye daktari kamili, atalitambua wazo hilo mara moja.

Pale hazina ilipokomea ndipo panaponisikitisha. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1938, chini ya Waziri Mkuu Michael Joseph Savage, iliifungulia njia hospitali ya bure. Mwaka 1947 fedha za umma zikaanza kuwalipia pia vijana matibabu ya meno. Watu wazima wakaachwa nje. Moyo, figo na mguu uliovunjika vikawa jukumu la taifa, lakini jino, ambalo nalo lina mshipa na damu, likabaki shauri la mfuko wa mtu.

Mpaka leo, kijana wa New Zealand hutibiwa meno bure hadi anapotimiza miaka 18. Baada ya hapo hujilipia. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba ruzuku ya serikali kwa matibabu ya meno, na kwa miaka mingi ruzuku hiyo ilikuwa dola 300 tu kwa mwaka. Desemba 2022 ilipandishwa hadi dola 1,000, na masharti yakalegezwa, asilazimike tena kungoja jino limzidi ndipo asaidiwe.