Mkuki wa Masmak na Majina ya Wapagazi

Safari yetu ya kutoka Jeddah kwenda Riyadh ilikuwa na shabaha moja: kutazama mji mkuu unavyokumbuka vita vyake. Tulichagua siku za karibu na tarehe 22 Februari, Siku ya Kuasisiwa, ambayo tangu 2022 ni sikukuu ya taifa. Tulifikia mtaa wa Al-Suwaidi, kusini-magharibi mwa mji, na asubuhi yake tukaelekea mji wa kale, ilipo ngome ya Masmak.

Masmak ni ngome ya udongo yenye minara minne ya mviringo pembeni, na tangu 1995 ni makumbusho. Ndani mna ramani, silaha na picha, lakini kilichotupeleka kiko nje, langoni. Lango ni la mbao za mtende, na katikati yake umekatwa mlango mdogo ambao mtu hupita kwa kuinama. Pembeni mwa mlango huo kuna kipande cha chuma kilichozama ndani ya ubao. Ni ncha ya mkuki.

Kisa chake wenzetu Wasaudia walikijua toka shule ya msingi. Mwaka 1891 ukoo wa Al Rashid wa Hail uliitwaa Riyadh, na Al Saud wakaishia uhamishoni Kuwait. Usiku mmoja wa Januari 1902 kijana Abdulaziz aliingia mjini kwa siri na kikosi cha watu wachache, makumi tu, wakajificha katika nyumba inayotazamana na ngome. Alfajiri ya tarehe 15 liwali Ajlan alipotoka, walimrukia. Alikimbilia mlango mdogo, mkuki ukarushwa, ukamkosa na kukita kwenye ubao. Abdullah bin Jiluwi, binamu yake Abdulaziz, akamfuata ndani na kumuua. Miaka 30 baadaye, tarehe 23 Septemba 1932, ufalme ulitangazwa kwa jina lililopo leo.

Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kitu kidogo kama kidole gumba kimebeba kumbukumbu ya dola nzima! Na ni mkuki uliokosa shabaha.

Jioni tulitazama ardha. Wanaume walijipanga safu mbili bega kwa bega, panga mkononi, ngoma katikati, safu moja ikiitikia ubeti wa nyingine. Zamani ilichezwa kabla ya kwenda vitani. Leo huchezwa kwenye sherehe za taifa, na mwaka 2015 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwenzetu mmoja mwenye jamaa Muscat alisema Waomani nao wana razha yao, na ubishi juu ya ipi ina panga bora ukaendelea hadi chakula cha usiku. Tunauacha hapo.

Tulilolitafuta na kulikosa ni makaburi ya mashujaa. Tulizoea Dar es Salaam na Nairobi, ambako makaburi ya vita vya dunia yana mawe yaliyopangwa kwa mistari, kila jiwe na jina. Riyadh haina desturi hiyo. Katika makaburi ya Al-Oud amezikwa Abdulaziz mwenyewe, aliyefariki 1953, pamoja na wafalme waliomfuata, na makaburi yao hayana jina wala kuba. Mafundisho ya dini yanayofuatwa hapa yanakataa kulikuza kaburi, na yanamhusu mfalme sawasawa na mchukuzi. Kumbukumbu imekaa kwenye mlango, kwenye ngoma na kwenye vitabu.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipovuka bahari. Kwetu pia kuna maelfu waliokufa vitani bila jina kaburini, ila sababu ni nyingine kabisa.

Tuanze na neno askari, ambalo Waswahili walilipata kwa Waarabu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipounda jeshi la kuwapiga watu wa pwani ya Tanganyika, aliajiri mamia ya Wasudani kutoka Misri. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Dar es Salaam: yeye juu, askari Mwafrika chini akimtazama. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji, na mwishowe ikapelekwa Hamburg, ikasimama mbele ya chuo kikuu mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Wanafunzi, tunasisitiza.

Mwaka 1927 Waingereza walizindua Sanamu ya Askari tunayoijua sote, bunduki yake ikielekea bandarini. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Wenzetu Wasaudia walifurahi kusikia kwamba wangeweza kuyasoma kwa sauti kabla ya kuyaelewa. Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, sanamu ni tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yanawataja wapagazi na kuahidi kwamba wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa pale.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila kukumbukwa kwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni zaidi ya watu laki mbili. Afisa aliyehesabu magunia ya unga hakuwahesabu waliyoyabeba. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuka mdomoni mwa watu likawa Kariakoo, na kila siku maelfu wanakwenda huko kununua vitenge na simu.

Kwa hiyo hatukubaliani na mwenzetu aliyesema kwamba kaburi ni kaburi, lenye jina au lisilo nalo. Al-Oud mtu hakuandikwa kwa sababu wote hawakuandikwa. Afrika Mashariki Mzungu aliandikwa jiwe lake na mpagazi akaachwa porini, katika vita vilevile.

Tanzania ina Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Kwa miaka mingi ilifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi sime, na mabalozi shada la maua. Tuliposimulia hayo, wenyeji wetu waliuliza mkuki ule ni wa nani. Hatukuwa na jibu, maana ni wa wote.

Usiku, tukiwa Al-Suwaidi, mwenzetu kutoka Tabora alimpigia simu bibi yake. Alijua tu kwamba babu wa bibi alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 baada ya Wajerumani kuondoka, na pande zote zilikamata wapagazi. Alitaka kujua alichukuliwa na nani.

"Wazungu," bibi alijibu.

Akamuuliza jina. Bibi alitaja mawili: la Kinyamwezi alilopewa na wazazi, na la Kiislamu alilojichagulia ukubwani. Lipi lingeandikwa, kama kungekuwa na wa kuandika, bibi hajui. Tuliyaandika yote mawili kwenye daftari la chama.