Cheti kwanza, digrii baadaye

Wasee, nilitoka chuo mwaka wa pili nikiwa na deni la karo na karatasi sufuri. Semesta nne nzima, lakini kwa mwajiri ni kama sijawahi kuingia darasani. Ndio maana historia ya BYU-Pathway, masomo ya mtandaoni ya Wamormoni, ilinigusa.

Wamormoni unawajua. Ni wale vijana wa shati jeupe na beji nyeusi wanaotembea wawili wawili mtaani. Kanisa lao Marekani lilianza mambo ya shule kitambo. Kule Rexburg, Idaho, walifungua shule ya watoto wa walowezi mwaka wa 1888. Ikakua ikawa Ricks College, halafu 2001 ikaitwa BYU-Idaho. Mwaka wa 2005 Kim Clark aliacha kuongoza shule ya biashara ya Harvard akaenda kuwa mkuu wake. Hebu fikiria, Harvard mpaka mji wa mashamba ya viazi!

Chini yake, 2009, wakajaribu Pathway mahali patatu tu: Mesa, Nampa na Manhattan. Wanafunzi walikuwa kama 50. Unasoma kwa intaneti, lakini mara moja kwa wiki mnakutana kwenye jengo la kanisa. Hapo ndio ujanja ulikuwa. Majengo yalikuwepo tayari, na jioni za katikati ya wiki mengi yanakaa tu. Hakuna hosteli ya kujenga, hakuna ukumbi, kwa hivyo karo inashuka. Mwaka wa 2017 kanisa likaifanya taasisi inayojisimamia, BYU-Pathway Worldwide. Karo inategemea nchi unayoishi, na Afrika imejaa wanafunzi wao.

Lakini kilichonishika ni mpangilio. Unaanza na masomo ya msingi, halafu unapata cheti cha kazi fulani, na hicho cheti kinahesabiwa kwa digrii. Maisha yakikukaba katikati, unatoka na kitu mkononi. Juzi juzi wamepunguza hata digrii zenyewe. Kuna za krediti 90 hivi badala ya 120, yaani miaka mitatu.

Si sadaka tupu, bana. Somo la dini ni lazima, hata kama wewe si muumini wao, na kuna masharti ya mwenendo. Kanisa linajua linachotafuta. Mimi siwezi kuapa ningevumilia hayo yote, na kanisa lenyewe linakataza chai! Ila vyuo vyetu havina hata kisingizio cha dini. Mtu akikwama mwaka wa tatu, anaambiwa alipe salio ndio apewe transkripti.

Nilimpigia mathe nikamweleza hii stori yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama zile semesta zangu nne zinaweza kuhesabiwa mahali. Nikamwambia nitauliza. Hiyo ilikuwa Jumatatu.