Kasongo, Kabambare, Tongoni: majina ya mahali petu yanatoka wapi

Familia nyingi zilizokimbia vita katika wilaya ya Kabambare zinaishi leo ugenini. Mtoto aliyezaliwa huko akiulizwa kwao ni wapi, anataja kijiji ambacho hajakiona kamwe. Jina hilo analolitaja lina historia.

Kusini mwa Maniema, vijiji vingi viliitwa kwa jina la sultani wake. Watu wakihama, jina lilihama pamoja nao. Kasongo pia ni jina la mtu. Mwingereza Cameron, alipopita Nyangwe mwaka 1874, aliendelea mpaka kwa mfalme wa Waluba aliyeitwa Kasongo Kalombo. Hata Kwango kuna Kasongo-Lunda.

Livingstone alifika Kabambare Septemba 1869, akaandika "Bambarre". Sultani wa hapo alikuwa amekufa si siku nyingi, na wanawe wawili walikuwa wameshika nafasi yake. Lakini jina la marehemu bado lilikuwa midomoni mwa watu: Moenekuss, yaani Mwenekusu. Livingstone alieleza maana yake: bwana wa kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mwene ni mwenye mamlaka, kusu ni ndege huyo.

Jina Tongoni lilikuja kwa njia nyingine. Kasongo ya Tippu Tip ilikuwa mji mkubwa wa Waswahili na Waarabu. Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka. Baadaye Wabelgiji walihamisha kituo chao, na jina Kasongo likaenda nacho. Mji wa kale ukabaki Tongoni. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakaachwa. Karibu na Tanga, pwani ya Tanzania, kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale.

Wakati wa ukoloni vijiji vingi vilisogezwa kandokando ya barabara. Kijiji kilifika barabarani na jina lake, lakini makaburi ya wazee yalibaki msituni, kwenye matongo. Kwa hiyo wazee wetu nao walijua kuhamishwa bila kupenda.

Kuna pia Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya. Anayesema Kiswahili husikia maneno mawili ndani yake: salama, bila. Waliokimbia bunduki huko wanajua ni nini kinachokosekana.

Kijiji kinaweza kuchomwa, na nyasi zikaota juu yake, lakini jina halichomwi. Linapotea tu pale wanaolijua wanapokufa bila kuwaambia watoto. Basi mzee aliye ugenini aulizwe mapema: kijiji chetu kiliitwa kwa jina la nani? Kabla ya barabara kilikuwa wapi? Mto wake unaitwaje? Majibu yaandikwe kwenye daftari. Siku ya kurudi, au siku ya kugombania shamba, yatahitajika.