Virusi vya kupe na uchangiaji damu (Thika na Ruiru)

Virusi vya kupe huenezwa hasa kupe anapouma mnyama au binadamu, lakini baadhi huweza pia kupita kwa damu au kiungo kilichotolewa na mtu aliyeambukizwa. Kaunti ya Kiambu, yenye miji ya Thika na Ruiru, ina historia yake kuhusu virusi vya kupe: virusi vya Thogoto vilipatikana mwaka 1960 kwenye kupe wa ng'ombe katika msitu wa Thogoto, karibu na Kikuyu. Kati ya homa za virusi vya kupe, inayoogopwa zaidi ni homa ya Kongo-Krimea, iliyoua mgonjwa magharibi mwa Kenya mwaka 2000.

Ugumu uko hapa: mtu huweza kubeba virusi damuni kabla hajahisi homa. Nchini Poland, wagonjwa watatu waliopandikizwa viungo vya mtu mmoja walifariki kwa homa ya ubongo inayoletwa na kupe.

Damu inayochangwa Kenya hupimwa VVU, hepatitisi B na C, na kaswende. Vipimo hivyo havitambui virusi vya kupe, kwa hiyo mahojiano kabla ya kutoa damu ndiyo kinga muhimu. Hatari ya kuambukizwa hivyo ni ndogo mno kuliko ile ya mama anayevuja damu akakosa chupa moja ya damu, na haifai kumzuia yeyote kuchangia. Mfugaji, mchinjaji au mhudumu wa mifugo aliyeumwa na kupe, au aliyepata homa karibuni, amweleze muuguzi kabla ya kutoa damu.